Tabaka la faili la databesi siyo kusoma na kuandika tu

Ndugu Mhariri,

Mi ni msomaji wa ukurasa wenu wa teknolojia na kwa kweli mnajitahidi, magazeti mengi yakiandika teknolojia yanaishia kwenye simu mpya imetoka na ina kamera ngapi. Makala yenu ya juzi kuhusu databesi zinazoishi ndani ya programu ilikuwa nzuri mpaka nilipofika kwenye aya ya tabaka pepe la faili. Pale mwandishi wenu amesema ni kazi ya mchana mmoja, unaandika funksheni ya kufungua, ya kusoma, ya kuandika na ya kufunga, basi imeisha, na pembeni mkachapa mfano wa kodi ambao xSync yake (funksheni ya kusukuma data mpaka diskini) inarudisha SQLITE_OK, yaani mambo sawa, bila kufanya chochote, na xLock (ya kufunga faili kwa kufuli) hivohivo. Ule mfano utafanya kazi. Hapo ndo tatizo lilipo, utafanya kazi vizuri tu kwa miezi, mtu ataunakili, ataupeleka kwenye kifaa cha mteja, afu siku umeme ukikatika wakati mbaya faili lote linaharibika na hamna atakayejua kwa nini.

Kwa ambao hawakuisoma nieleze kidogo. Databesi kama SQLite haina seva, ni laibrari inayoungwa ndani ya programu yenyewe na data yote inakaa kwenye faili moja la kawaida. Ndani yake kuna sehemu inayosoma SQL, kuna miti ya B inayopanga data, kuna sehemu inayosimamia kurasa, yaani vipande vya faili vyenye ukubwa sawa, na ukurasa mmoja siku hizi usipobadilisha chochote ni baiti 4096. Lakini hakuna hata sehemu moja kati ya hizo inayogusa diski kwa mkono wake. Ikitaka ukurasa inaliomba tabaka la chini kabisa, nipe baiti kadhaa kuanzia nafasi fulani, na hilo tabaka ndo linajua kama huko chini kuna Linux, kuna Windows, kuna chipu ya fulashi isiyo na mfumo endeshi wowote, au kuna brauza. Wazo lenyewe la zamani, Sun Microsystems waliweka kitu cha namna hii kwenye keneli yao (kiini cha mfumo endeshi) miaka ya 80 ili diski ya hapohapo na diski ya mbali kupitia NFS zionekane sawa kwa programu. SQLite ilipata umbo la sasa la tabaka hili kwenye toleo 3.5.0 mwaka 2007, databesi nyingine kama LevelDB wana la kwao wanaliita Env, RocksDB na DuckDB nao wanayo. Majina tofauti, maumivu yaleyale.

Kwenye SQLite utakuta majedwali mawili ya funksheni. La kwanza linahusu mazingira kwa ujumla, kufungua faili, kufuta, kuangalia kama faili lipo, kupata njia kamili ya faili, na humohumo wameweka pia namba za bahati nasibu, kulala kidogo na kuuliza saa, vitu ambavyo mtu anajiuliza vinahusiana nini na faili (nitavirudia chini, vina maana yake). La pili linahusu faili likishafunguliwa, kusoma, kuandika, kukata urefu, kusukuma data mpaka diskini, kuuliza ukubwa, kufuli, na maswali machache kuhusu tabia ya diski. Ukihesabu hivo tu unaona kweli ni kazi ndogo. Ila kila funksheni ina ahadi nyuma yake, na databesi imejengwa juu ya zile ahadi, haina namna ya kukagua kama umezitimiza. Ukisema ndiyo inaamini ndiyo.

Nianze na kusoma, ambako kila mtu anadhani hakuna kitu. xRead ikiombwa baiti 4096 na faili lina baiti 1000 tu zilizobaki, unatakiwa ujaze sifuri sehemu iliyobaki ya bafa (eneo la memori ulilopewa kuweka ulichosoma) na urudishe jibu maalum la kwamba umesoma pungufu. Siyo kurudisha kosa la kawaida, na siyo kurudisha OK ukaacha takataka za memori mle ndani. Hii inatokea kila databesi mpya inapofunguliwa, faili lina ukubwa wa sifuri, na inaombwa kichwa cha baiti 100. Kuna watu wamekesha wakitafuta bagi kumbe ni huo mstari wa memset, wa kujaza sifuri, uliokosekana, kwa sababu dalili yake inatokea mbali kabisa na chanzo. Kingine ni kwamba maombi hayafuati mipaka ya kurasa kila mara. Kichwa kinasomwa baiti 100, na kuna mahali inasoma baiti 16 tu kuanzia nafasi ya 24 ili ijue kama kuna prosesi nyingine (programu nyingine inayoendeshwa) imebadilisha faili. Anayeandika tabaka la kusimba data kwa siri huwa anasahau hili, anaandika kodi inayofungua ukurasa mzima mzima tu, afu yale maombi madogo yanamletea upuuzi.

Na kwa kuwa nimeigusa siri, niseme hapohapo. Ukisimba faili kuu peke yake hujaficha kitu. Kabla ya kubadilisha ukurasa databesi inaandika nakala ya ukurasa wa zamani kwenye jonali, faili la pembeni la kurudishia mambo yakiharibika, na ukitumia WAL, ile njia nyingine ya logi inayotangulia, kurasa mpya zinaandikwa kwanza kwenye faili la WAL, kuna mafaili ya muda ya kupanga data pia, yote hayo yana data ya mteja. Ndo maana xOpen inapewa bendera zinazosema faili hili ni la aina gani, databesi kuu, jonali, WAL, la muda, siyo mapambo yale. Mfano wenu ulizipuuza zote.

Sasa kusukuma data diskini, na hapa ndo nataka nikae maana ndo roho ya jambo lenyewe.

Ukiita write kwenye mfumo endeshi wowote wa kisasa data haiendi diskini, inaenda kwenye memori ya keneli, na keneli itaipeleka ikipata nafasi na kwa mpangilio inaoutaka yenyewe. Databesi haijali sana lini, inajali nini kinatangulia nini. Kwa ile njia ya jonali ya kurudisha nyuma mpangilio ni huu: nakala za kurasa za zamani zinaandikwa kwenye jonali, jonali inasukumwa mpaka diskini, ndo kurasa mpya zinaandikwa kwenye faili kuu, faili kuu linasukumwa, mwisho jonali inafutwa, na ile sekunde ya kufutwa ndo muamala umekamilika. Umeme ukikatika kabla jonali haijafutwa, programu ikiwashwa tena inaikuta, inarudisha kurasa za zamani, maisha yanaendelea. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hakuna dakika ambayo data ya zamani na mpya zote ziko mashakani kwa pamoja. Sasa wewe xSync yako ni kama tarishi anayesaini kwamba barua imefika wakati bado iko kwenye mkoba wake. Databesi inaambiwa jonali iko salama, inaanza kuandika juu ya faili kuu, na keneli kwa sababu zake ikapeleka kurasa za faili kuu kwanza. Umeme ukikatika pale una faili kuu lenye nusu mpya nusu zamani na jonali tupu. Hakuna wa kukusaidia.

Halafu kuna mtego ambao unawadanganya hata watu wazoefu. Mtu anasema mi nimeshajaribu, nimeua prosesi kwa kill -9 katikati ya kuandika, nikawasha tena, data ipo safi. Ndugu yangu, ukiua prosesi keneli haijafa, ile memori yake bado inayo data yote na itaipeleka diskini kama kawaida. Hujajaribu chochote kuhusu xSync. Kinachojaribu xSync ni umeme kukatika au keneli yenyewe kuanguka, na hicho ndo kitu ambacho kwenye meza ya ofisi hakitokei, kinatokea kwa mteja.

Hata ukiita fsync kweli, yaani ombi la kuuambia mfumo endeshi usukume faili mpaka diskini, bado hujamaliza. Kwenye macOS fsync ya kawaida inaisukuma data mpaka kwenye diski lakini haiilazimishi diski yenyewe imwage keshi yake ya ndani, ukitaka hilo kuna fcntl ya F_FULLFSYNC, na ni ya polepole kweli ndo maana watu wanaikwepa. Kwenye Unix kwa ujumla, faili jipya likiundwa jina lake linaandikwa kwenye folda, na folda nayo ni data, kwa hiyo unaweza kusukuma jonali mpaka diskini vizuri kabisa halafu umeme ukirudi jonali haionekani kwa sababu folda haikusukumwa. Vilevile kufuta, ile funksheni ya xDelete inapewa kigezo kinachosema sukuma na folda, na nimeona tabaka nyingi za watu kwenye mtandao kigezo hicho kimepokelewa na hakijatumika popote.

Na fsync ikirudisha kosa? Hili lilileta kelele kubwa mwaka 2018 kwa watu wa PostgreSQL. Walikuwa wanaamini, kama wengi tulivoamini, kwamba fsync ikishindwa unaiita tena mpaka ikubali. Kumbe kwenye Linux keneli ikishindwa kuandika inaweza ikaziweka zile kurasa kama safi, fsync ya pili inarudi na OK, na data haipo. Wakabadilisha, siku hizi fsync ikishindwa PostgreSQL inajiangusha makusudi na kuanza upya kutoka kwenye logi yake. Kwenye tabaka lako wewe maana yake ni moja, kosa la fsync lipandishe juu kama lilivyo, usijifanye mwema ukalizungushia kitanzi cha kujaribu tena mara kadhaa. Nimeona huo ustaarabu kwenye kodi za watu na nia yao ni nzuri kabisa.

Nije kwenye kufuli. SQLite ina ngazi tano, hakuna kufuli, ya pamoja ya kusoma, ya kuhifadhi nafasi ya kuandika, ya kusubiri, na ya peke yako. Ile ya kusubiri watu wengi hawaielewi wanaona ni ya ziada, lakini bila hiyo wasomaji wakiwa wengi wanapokezana na mwandishi hapati nafasi milele, yeye akishaichukua wasomaji wapya wanazuiwa na waliomo wanaachwa wamalize. Kwenye diski kufuli zenyewe ni baiti chache kuanzia nafasi ya gigabaiti moja kamili ndani ya faili, 1073741824, na ukurasa unaoangukia hapo hautumiki kuweka data kabisa. Sababu ni Windows, kule kufuli ni za lazima, ukifunga baiti hakuna mwingine anayeweza kuzisoma, kwa hiyo wakazipeleka mahali ambapo hakuna data ya kusomwa. Ukibuni la kwako huna haja ya kufuata zile baiti kama hakuna programu nyingine itakayogusa faili, ila kama ipo hata moja, mtumie mpangilio mmoja nyote, la sivyo kila mmoja anafunga mlango wake.

Afu kuna ile kufuli ya POSIX (kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix), ambayo sijui aliyeitunga alikuwa anawaza nini. Prosesi moja ikilifungua faili lilelile mara mbili, afu ikafunga moja kati ya hizo, kufuli ZOTE za prosesi hiyo kwenye faili hilo zinaachiliwa, hata zile zilizochukuliwa kupitia njia nyingine. Fikiria programu yako ina sehemu ndogo tu ya bekapu, inafungua faili la databesi, inanakili, inafunga. Sehemu hiyo imeua kufuli ya muamala unaoendelea bila kujua na bila kosa lolote kuripotiwa. SQLite kwenye Unix inahangaika sana na hili, inaweka orodha ya mafaili yaliyo wazi kwa namba za inodi (namba ya utambulisho wa kila faili kwenye diski) na inachelewesha kufunga mpaka kufuli zote ziishe. Kama tabaka lako lenyewe linaita open na close bila kujua habari hizi basi ujue una bagi, bado hujaiona tu. Linux iliongeza kufuli za aina nyingine mwaka 2014 zinazofungamana na ufunguzi wa faili badala ya prosesi, ukiwa na uhuru wa kuchagua zitumie hizo.

Kwa haki nikubali jambo moja, kuna mahali xLock tupu inafaa. Kifaa chenye prosesi moja, muunganisho mmoja, hakuna wa kugombana naye, sawa. SQLite yenyewe inakuja na tabaka linaloitwa unix-none kwa ajili hiyo. Lakini angalia limepewa jina linaloonyesha wazi, siyo tabaka la kawaida lililoachwa kufuli kimyakimya.

WAL nitaipitia haraka. Ilikuja na toleo 3.7.0 mwaka 2010 na ikaongeza funksheni za memori ya pamoja kati ya prosesi. Tabaka ambalo halina hizo funksheni haliwezi WAL, isipokuwa ukiiweka databesi kwenye hali ya kufuli ya peke yake, hapo memori ya kawaida ya prosesi inatosha. Na ndo maana WAL haifanyi kazi kwenye faili lililoko kwenye diski ya mtandao linalotumiwa na kompyuta mbili, hizo kompyuta hazina memori ya pamoja. Watu wanauliza swali hili kila siku.

Nataka niseme kuhusu chipu za fulashi kwa sababu makala ilisema vifaa vidogo na ndo huko watu watakakopeleka ule mfano. Fulashi ya NOR ukiandika unaweza kugeuza biti kutoka 1 kwenda 0 tu. Kurudisha 1 lazima ufute sekta nzima, mara nyingi kilobaiti 4, na chipu hizi kwa kawaida zinavumilia kufutwa kama mara 100,000 kwa sekta. Sasa weka databesi yenye kurasa za baiti 512 moja kwa moja juu yake. Kuandika ukurasa mmoja ni kusoma sekta, kuifuta, kuiandika tena nzima, na umeme ukikatika baada ya kufuta hujapoteza ukurasa ule tu, umepoteza na majirani zake saba ambao databesi haikuwagusa kabisa na haikuwawekea nakala kwenye jonali. Dawa ipo, ni xSectorSize. Ukiiambia SQLite kwamba sekta ni 4096 wakati kurasa ni 512, itaandika kwenye jonali kurasa zote za sekta ile kabla ya kugusa mmoja. Hicho kifunksheni kidogo chenye mstari mmoja kinabeba uhai wa data yako.

Lakini kuna utata hapo, na hili kwenye mafunzo mengi halipo. Kuna funksheni nyingine inaitwa xDeviceCharacteristics, unarudisha bendera zinazosifia diski yako. Moja inasema kwamba kuandika baiti fulani umeme ukikatika hakuharibu baiti za jirani. Ukiiweka bendera hiyo SQLite haijali tena ukubwa wa sekta uliosema, inachukulia 512. Kwa hiyo mtu amerudisha 4096 vizuri kabisa kwenye xSectorSize, afu amenakili bendera kutoka kwenye tabaka la Unix ambako imewashwa, na amejifuta ulinzi wote mwenyewe. Kuna bendera nyingine zinazosema kuandika ni kwa ukamilifu, yaani ama yote ama hakuna, na zile nazo zinafanya databesi iruke hatua fulani za usalama ili iwe na kasi. Ushauri wangu ni kurudisha sifuri. Sifuri inamaanisha diski yangu haina sifa yoyote nzuri, na databesi itajihami ipasavyo. Ukishasoma karatasi ya chipu na ukaelewa, ongeza bendera moja moja. Na kama unaweza usiandike moja kwa moja juu ya chipu, weka katikati mfumo wa faili uliotengenezwa kwa fulashi kama littlefs, unaosambaza uchakavu na uliobuniwa kuvumilia umeme kukatika.

Kwenye upande wa mtandao na brauza hali ni tofauti kidogo. Faili la kusomwa tu lililoko mbali unaweza kulisoma kwa HTTP kwa kuomba vipande, kila xRead inakuwa ombi la baiti kutoka hapa mpaka pale, kufuli hamna haja kwa sababu hakuna anayeandika, na sync hamna. Hapo nakubaliana na mwandishi wenu kwamba ni kazi ndogo. Kinachouma ni muda wa kwenda na kurudi, kwenye mti wa B kutafuta mstari mmoja ni kurasa tatu au nne moja baada ya nyingine, huwezi kuziomba pamoja maana hujui ya pili ni ipi mpaka usome ya kwanza. Keshi na kusoma mbele ndo vinakuokoa. Kwenye brauza mgogoro ni kwamba xRead inatarajia jibu papohapo wakati brauza inataka kila kitu kisubiri zamu, ndo maana SQLite ya wasm (iliyokompailiwa iendeshwe ndani ya brauza) inayohifadhi kwenye OPFS, hifadhi ya mafaili ya brauza, inakaa kwenye thredi ya pembeni ambako kuna njia ya kusoma faili papohapo.

Sasa mtu atauliza, tufanyeje basi. Wengi wenu msiandike kabisa, tumieni lililopo, limejaribiwa kuliko litakavyojaribiwa lolote la kwenu. Anayelazimika aanze na tabaka la kupitishia, yaani ambalo kila funksheni inaita ya tabaka la kawaida na haifanyi kingine zaidi ya kuandika kwenye logi nini kiliombwa. Kwenye kodi ya SQLite upo mfano wake tayari, vfstrace. Iendeshe, fanya INSERT moja, soma logi. Utaona mwenyewe mpangilio wote nilioueleza hapo juu, jonali inafunguliwa, inaandikwa, inasukumwa, na utajifunza kuliko makala yoyote, pamoja na barua hii. Baada ya hapo badilisha funksheni moja moja. Kuna kajambo kadogo kwenye xOpen nako kanauma watu: ukishaweka pointa ya jedwali la funksheni kwenye faili, databesi itaita xClose hata kama xOpen yenyewe imerudisha kosa, kwa hiyo usiiweke mapema kama bado hakuna cha kufungwa.

Na tabaka hili ndo mahali pazuri kuliko pote pa kujaribia databesi. Andika tabaka la uongo linaloweka kila kitu kwenye memori, linakumbuka maandishi yapi yameshasukumwa na yapi bado. Afu wakati wowote unaoutaka liambie umeme umekatika: yaliyosukumwa yanabaki, yasiyosukumwa mengine yatupe, mengine yaache, mengine yakate katikati, bila mpangilio. Fungua databesi upya, endesha PRAGMA integrity_check, amri ya SQLite ya kukagua kama faili ni zima, na zaidi ya hapo hakikisha miamala iliyosemwa imekamilika ipo yote na isiyokamilika haipo hata kipande. Rudia ukikata sehemu tofauti, baada ya operesheni ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mwisho. Fanya hivohivo kwa makosa, xWrite ya kumi irudishe diski imejaa, xSync ya tatu irudishe kosa, uone databesi inajibuje. Watu wa SQLite wenyewe wanajaribu hivi kwa miaka mingi. Na hapa ndo utaelewa kwa nini saa na namba za bahati nasibu ziliwekwa kwenye tabaka hili, ukizishika zote mbili wewe, testi iliyoanguka usiku unaweza kuiendesha asubuhi kwa mbegu ileile (namba inayoanzisha zile za bahati nasibu) ikaanguka palepale.

Ombi langu kwenu ni kwamba toleo lijalo mchape tabaka la namna hiyo la majaribio, ni kodi fupi tu inatosha kwenye safu moja, na msomaji aichukue aiunge chini ya ule mfano wa kwanza aone linaanguka baada ya operesheni ya ngapi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwandika programu za vifaa vidogo